Kinanda Kinachokunywa Mafuta ya Taa

Sotik,
14 Januari 1936

Kwa mwihwa wangu, mtoto wa dada yangu, Drusilla Ayoo, binti ya marehemu Okeyo,

Pokea salamu za hapa Sotik, nyingi kuliko unavyostahili. Mimi mjomba wako Mureithi ni mzima, isipokuwa lile goti la kushoto lililobeba mizigo ya vita mpaka Tabora. Duka linaenda. Chumvi ya ng'ombe inatoka vizuri tangu watu wa Sigor waanze kuja kwangu. Jirani yangu Ratemo, yule fundi cherehani kutoka Kisii, amenunua gramafoni, kinanda cha santuri, anakizungusha mkono barazani tangu asubuhi mpaka wateja wangu wanasahau walichokuja kununua. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha, dume na jike, na jike ana doa jeusi sikioni. Mama yako anakusalimu.

Haya. Tuache mbuzi.

Uliondoka Oktoba na Memsaab Thornby, mke wa meneja wa shamba la chai. Tangu siku hiyo nimepata kadi moja tu yenye picha ya daraja, na nyuma umeandika "Tumefika salama, baridi kali." Daraja si barua, Ayoo. Mimi nilimwambia dada yangu Wahu, "Mruhusu mtoto aende, nitamfuatilia mimi, najua kusoma." Sasa nitamsomea nini, daraja?

Unijibu bila kuzunguka. Huyu memsaab anataka nini kwako? Anasema una kipaji cha kinanda. Mimi kile kinanda nakijua! Ni mimi nilikuwa nampelekea mafuta ya taa, na nilikiona kwa macho yangu pale sebuleni: miguu yote imesimama ndani ya mikebe ya mafuta, kinakunywa. Kitu kinachokunywa mafuta ni mashine. Taa yangu pia inakunywa mafuta, na sijawahi kusikia mtu akipelekwa Ulaya kujifunza kuwasha taa.

Kule kambini Kericho, Nyambeki, yule jirani yenu mwenye mdomo, anawaambia wachumaji kwamba wasichana weusi wakifika Ulaya hawarudi. Ati wanawekwa mahali wazungu wanalipa kuwatazama. Hata amewahi kumuuliza mama yako mbele za watu, "Wahu, umeshamlilia yule mtoto au bado?" Unaona mambo hayo?

Andika. Andika kwa mkono wako.

Mimi ninayengoja bila raha,
Mjomba Mureithi


London,
20 Februari 1936

Mama Mureithi mpendwa,

Usinune! Ni wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kwa Wakikuyu ndugu ya mama anaitwa mama. Tangu siku ile niliyokuita hivyo mbele ya wateja, ukaficha uso nyuma ya gunia la chumvi, sijaweza kuacha. Hujambo lakini? Goti linakusumbua au unalitumia kukwepa kanisa? Mimi sijambo, kifua kidogo tu, ni hii baridi. Jua la hapa linatoka kama mtu aliyelazimishwa. Nyumba ni ya dada yake Memsaab. Ninalala chumba cha juu na ninakula viazi kila siku, yawa, mpaka nimeanza kuota ugali.

Nimecheka kuhusu mafuta ya taa mpaka nimekohoa. Mjomba wangu! Kile kinanda hakinywi kitu. Mikebe ni ya kuzuia siafu na mchwa wasipande miguu ya mbao. Ndani hakuna moto wala mashine. Kuna nyuzi na nyundo ndogo zilizovikwa kitambaa, na kila kidole kinagonga nyundo yake. Ukiondoka wewe, kinanyamaza. Cha Ratemo ndicho kinachojiimbia chenyewe.

Na kuhusu Memsaab, unajua alivyonipata, ila hujawahi kutaka kusikiliza. Nilikuwa na miaka tisa, nachuma na mama. Asubuhi za Kericho unazijua, ukungu unashuka mpaka humwoni mtu wa mstari wa pili. Mama aliogopa nitapotea katikati ya michai, akaniambia, "Funga mdomo, uvume, nijue uko wapi." Nilikuwa navuma sauti inayopanda, kama mtu anayeuliza, naye anajibu kwa sauti inayoshuka. Siku nzima hivyo. Memsaab alipita juu ya farasi akatusikia. Akanipeleka nyumbani kwake nikiwa na kikapu mgongoni, akaniambia nitafute ule mvumo kwenye kinanda. Nikaupata. Ndivyo ilivyoanza, kila alasiri tukishapima majani. Alikuwa ananiwekea jani la chai juu ya kila mkono, na nikipiga lisianguke. Anasema mkono wangu wa kushoto una nguvu sawa na wa kulia, kwa sababu mchumaji hana mkono wa kupumzisha.

Kuna shida moja tu. Nikipiga, navuma. Siwezi kujizuia, mikono ikianza na mdomo unaanza. Kwenye mashindano hilo ni kosa, wanasema ni kelele. Kwa hiyo Memsaab ananipa kifungo cha shati nikiweke chini ya ulimi. Nikivuma, kinanikaba.

Mwezi ujao kuna mashindano madogo hapa. Nikishinda, Oktoba nitaenda Brussels, mji wa Wabelgiji, kushindana na watu wa mataifa mengi. Wa kwanza anabakishwa kusoma miaka mitatu.

Sasa na mimi nikuulize, maana si wewe peke yako unayejua kushuku. Mbuzi umempa mistari miwili, mpaka doa la sikio. Mama umempa maneno matatu. Kwa nini? Yuko wapi? Kuna kitu unakalia, Mjomba.

Mwihwa wako anayekujua vizuri,
Ayoo


London,
28 Aprili 1936

(Hii ilikuja imepigwa kwa mashine ya kuandikia.)

Mama Mureithi mpenzi,

Natumaini ya kuwa wewe u mzima kama mimi nilivyo mzima. Mimi ni mwenye furaha nyingi. Chakula ni kizuri na hali ya hewa ni njema. Nimeshinda mashindano ya London. Nakumbuka siku zote jinsi ulivyonizaa na kuninyonyesha, na uji wako mtamu. Usiwe na hofu wala usisikilize maneno ya watu. Tafadhali usiandike kwa muda, kwa kuwa tutakuwa safarini.

Binti yako mtiifu,
Drusilla


Sotik,
23 Mei 1936

Kwa yeyote anayesoma hii,

Sisalimii. Sijui namsalimu nani.

Mimi nilimnyonyesha nani? Ngai! Mimi Mureithi, mwenye ndevu, mwenye wake wawili, nilimzaa Ayoo lini? Nimeisoma ile barua nikiwa nimesimama dukani na nimelazimika kukaa juu ya debe. Ratemo alidhani nimefiwa. Nilipomsomea alicheka mpaka akajidunga sindano, halafu akaona uso wangu, akaacha.

Mtoto wetu ananiita Mama kwa utani wa Kikuyu. Aliyeandika barua hii ameona hilo neno mahali akadhani mimi ni mwanamke. Kwa hiyo si Ayoo. Hata Kiswahili si chake. "Ya kuwa wewe u mzima." Sisi watu wa kambi hatuongei hivyo. Baba yake Mjaluo, mama yake Mkikuyu, mtoto huyu alikulia kwenye Kiswahili cha kuchapa kazi, na hajawahi kuwa mtiifu hata siku moja.

Memsaab Thornby, kama ni wewe unayesoma, mtoto yuko wapi?

Na kama kwa bahati ni wewe Ayoo, basi sikia kitu nilichokuwa nakalia. Mama yako hayuko kambini. Tangu Desemba yuko hapa kwangu. Maneno ya Nyambeki yalimwingia, akaanza kukosea majani, anachuma magumu na laini pamoja, mpaka nyapara akamwambia aende akapumzike. Sikukuandikia kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza. Alisema, "Mtoto akisikia atarudi, na akirudi kwa ajili yangu hatanisamehe." Sasa hali chakula. Anakunywa uji kidogo asubuhi, basi. Anakaa mlangoni anatazama barabara ya Kericho.

Nilimsomea ile barua. Nilikosea kumsomea, lakini aliniona nimeishika. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Huyo si mtoto wangu. Mtoto wangu amekufa, na wazungu wanaandika kwa jina lake." Nimebishana naye, nimegombana naye, bure.

Naogopa, Ayoo. Usiku na mchana naogopa. Dada yangu anakwisha mbele yangu na sina kitu cha kumwonyesha. Ukiniandikia kwa mkono, nitasema mwandiko unaigwa. Ukituma picha, nitasema ni ya mwaka jana. Sijui nikuombe nini. Tafuta kitu. Kama uko hai, tafuta kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukitengeneza.

Mureithi


London,
30 Juni 1936

Mjomba wangu,

Ni mimi. Najua hutaamini, lakini lazima nianze mahali. Ni mimi Ayoo niliyemwaga debe lako la mafuta nikasema ni paka, na paka akachapwa bure. Memsaab hajui habari za paka.

Mama hali chakula! Mjomba, na ulikaa na jambo hilo tangu Desemba ukinipa habari za masikio ya mbuzi! Nimelia kwa hasira. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia mama, na nimejikasirikia mimi mwenyewe kwa sababu na mimi nilificha.

Kile kifua nilichosema ni kidogo hakikuwa kidogo. Nilishinda mashindano ya Machi nikiwa na homa, na siku iliyofuata nikaanguka. Mapafu yaliwaka. Nililazwa hospitali Aprili yote na sehemu ya Mei. Memsaab aliogopa mkisikia mtadai nirudi, na Brussels ingekufa. Akakuta barua niliyoianza kukuandikia, ina maneno mawili tu juu, "Mama Mureithi", akachukua kamusi yake akaimalizia. Mambo ya kunyonyesha ni yake. Nilipopata barua yako niliisoma mbele yake, neno kwa neno, nikimfasiria. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Aliomba msamaha. Nimemsikia, lakini tangu siku hiyo barua zangu nazipeleka posta mwenyewe.

Unauliza anataka nini kwangu. Mjomba, na mimi najiuliza. Hanichukulii kitu. Hanipigi. Lakini nikipiga vizuri hanitazami usoni, anatazama mikono, na vidole vyake vinacheza pajani. Nadhani zamani alitaka awe yeye. Mtu wa namna hiyo anaweza kukupenda sana asikuone kabisa.

Sasa kuhusu kitu ulichoomba. Wiki iliyopita watu wa santuri waliniita nipige wimbo mmoja. Mashine ilipokuwa inazunguka nilisahau kifungo mezani. Tulipomaliza, fundi wao akasema santuri imeharibika, kuna kitu kinasikika, labda nzi ameingia. Wakanirudisha. Mara ya pili niliweka kifungo chini ya ulimi, ikatoka safi, na hiyo ndiyo watakayouza. Ile mbovu walikuwa wanataka kuivunja. Niliomba nipewe.

Naituma kwako kwa meli, imefungwa ndani ya sweta. Mpeleke mama kwa Ratemo, aiweke kwenye gramafoni. Usimwambie mama ni nini. Ile barua nyingine, ya Februari, kama ulimsomea kitu chochote kuhusu ninavyopiga, sijali. Acha asikilize tu. Akisema si mimi, basi mimi sina kingine, na wewe ufanye unavyoona.

Oktoba inakuja. Memsaab ameshafunga kifungo kipya kwenye pindo la leso yangu, kisipotee.

Ayoo


Sotik,
26 Agosti 1936

Kwa mwihwa wangu,

Hujambo? Leo nasalimu. Sisi hatujambo. Mbuzi nimeacha kuwataja, kwa kuwa umenitukana juu yao.

Santuri imefika haijavunjika. Sweta limeliwa na kitu njiani. Nilikaa na hiyo santuri bila kumwambia Wahu, ninaigeuza, naikagua. Katikati wameandika jina la wimbo na halikuwapo jina lako hata herufi moja. Nikasema, unaona? Hata Ratemo akasema, "Mzee, hii inaweza kuwa ya mtu yeyote." Nikaona bora niivunje kabla dada yangu hajapata tumaini la bure. Kweli Ayoo, nilikuwa nimeshaichukua kwa mikono miwili. Ratemo ndiye aliyenipokonya. Akaniambia, "Wewe ulitaka kitu, umeletewa kitu, sasa unaogopa nini?"

Basi Jumamosi, siku ya soko, nikamchukua mama yako nikamwambia twende, Ratemo akupime gauni. Hakutaka. Akaja. Akakaa kwenye kigoda pale mlangoni kwa fundi, uso kwa barabara kama kawaida yake. Ratemo akafunga cherehani, akazungusha mkono, akaweka sindano.

Nikwambie ninavyoona mimi? Ni kelele. Mwanzoni ni mikwaruzo, halafu vinagongwa vitu vingi kwa pamoja kama mvua ya mawe kwenye bati. Sikuelewa hata kidogo. Watu wa soko walisimama barazani, Wakipsigis, Wakisii, askari anayelinda kilabu cha wazungu, wote wanatazamana. Mtu mmoja akauliza wimbo wenyewe unaanza lini. Mimi nilikuwa namtazama Wahu tu. Hakugeuka. Nikasema moyoni, imekwisha, nitaandika barua ya matanga.

Halafu mvua ya mawe ikapungua. Pakawa na sauti chache, zinatoka polepole, na chini yake nikasikia kitu. Nilidhani ni nyuki. Ilikuwa inapanda, kama mtu anayeuliza.

Mama yako akajibu.

Ayoo, alifunga mdomo, akavuma ile ya kushuka, kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya shamba. Bado anatazama barabara. Ile sauti ya santuri ikapanda tena, naye akajibu tena. Ndipo akasimama, akageuka, akaenda mpaka mbele ya ile tarumbeta ya gramafoni akaiwekea mkono. Anajua vizuri kwamba santuri haisikii, dada yangu si mjinga. Alijibu kwa sababu mtoto ameuliza.

Barazani hakuna aliyecheka. Ratemo aliipiga tena, na tena, mpaka sindano zake zote zikawa butu, na kila mara Wahu anajibu mahali palepale. Mwishowe akajifuta macho kwa kanga, akanitazama, akasema, "Mureithi, kwako kuna ugali?" Amekula, Ayoo! Amekula sahani nzima na maharagwe, na akalalamika chumvi ni kidogo, kwangu mimi, mwenye chumvi.

Na mimi nililia. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Usimwambie mtu.

Sasa kuhusu Brussels. Wabelgiji niliwaona Tabora wakati wa vita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisalimia. Angalia. Na hiyo habari ya kubakishwa miaka mitatu kwa atakayeshinda, mimi nasikia harufu. Zawadi gani hiyo inayomfungia mtu mlango wa kurudi kwao? Lakini mama yako amesema nikuandikie hivi, kama alivyosema, bila kuongeza: "Mwambie asivume kwa ajili yangu. Nimeshajua alipo. Afanye kazi yake."

Mjomba wako,
Mureithi


Brussels,
19 Oktoba 1936

Mjomba mpendwa, na mama ambaye utamsomea,

Nawasalimu wote, na Ratemo, na wale waliosimama barazani. Barua yako niliipata siku mbili kabla ya mashindano na nimeisoma mpaka karatasi imechanika mikunjo. Mimi ni mzima, kifua kimetulia. Hapa mvua inanyesha kama ya Kericho, ila haina mawe.

Niwaambie moja kwa moja. Tulianza wengi. Raundi ya kwanza nilipiga na kifungo, nikapita. Ya pili nilipiga na kifungo, nikapita. Msichana mmoja wa Poland alipita akaja kutazama chini ya kinanda baada yangu, na mzee mmoja naye akainama kutazama kama kuna mashine inayonipigia. Memsaab alikasirika. Mimi nilikukumbuka wewe na mikebe yako, nikacheka peke yangu.

Siku ya mwisho tulibaki sita. Nimesimama nyuma ya pazia, Memsaab akanipa kifungo. Nikakiweka chini ya ulimi. Nikatembea mpaka kwenye kinanda, nikakaa. Mjomba, nimeishi miezi na kile kifungo, nakijua kama jino langu. Lakini nilikumbuka mama akiniruhusu nisivume, na nikaona kwamba kama sivumi kwa ajili ya mama, basi navuma kwa ajili ya nani? Nikajua ni mimi. Ni mimi ninavyopiga. Nikakitema kwenye leso mbele ya watu wote.

Usifikiri nilishindwa makusudi ili nirudi kwenu, najua hivyo ndivyo utakavyoshuku. Nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Hata sasa mikono inajua hivyo. Nimekuwa wa nne. Waliandika kwamba mchezo wangu ni mzuri sana, umeharibiwa na kelele ya mdomo. Ile nafasi ya miaka mitatu amepewa yule msichana wa Poland. Anastahili.

Mmoja wa waamuzi, Mbelgiji mwenyewe, alikuja baadaye akanisalimia kwa mkono. Liambie goti lako. Akaniuliza kwa Kiingereza kibovu kama changu nilikuwa naimba nini. Nilimwambia mama yangu hakuwa ananiona kwa sababu ya ukungu. Sijui alielewa nini, lakini alinishika mkono muda mrefu.

Memsaab hakuongea na mimi siku mbili. Jana amekuja chumbani, amekaa kitandani, amesema angekuwa yeye asingethubutu. Halafu amelia. Yeye anabaki kwa dada yake mpaka mwakani. Mimi nimeomba kurudi. Nasafiri na nesi mmoja wa misheni anayekwenda Kisumu. Meli itafika Mombasa wiki ya kwanza ya Desemba, na nitapanda treni mpaka stesheni ya Lumbwa.

Najua nyumbani hakuna kinanda zaidi ya kile cha bungalo, nyumba ya Memsaab. Najua labda sitakigusa tena mpaka Memsaab arudi. Hilo linaniuma, sitawadanganya. Nikiwa hapo mtaniona nimekaa nagonga meza, mniache.

Mtoto wenu,
Ayoo


Sotik,
17 Novemba 1936

Kwa Drusilla Ayoo, ingoje posta ya Mombasa mpaka ateremke melini

Mwihwa wangu,

Karibu nchi kavu. Sisi wote wazima. Mama yako amerudi kambini, anachuma, na majani yake ni laini tena. Nyambeki ameniletea kuku kuomba amani. Nimemla, lakini sijamwamini.

Nimesoma yako ya Brussels kwa sauti, barazani kwa Ratemo, kwa sababu watu walidai. Wa nne. Kati ya sita. Ratemo anasema ni heshima kubwa, mimi nauliza waliohesabu ni nani. Huyo wa Poland aliyechungulia chini ya kinanda na mimi ningemchungulia. Lakini hiyo habari ya leso umefanya vizuri. Sikujua kama mimi ningeweza.

Tumemuuliza karani wa shamba kuhusu kinanda cha bungalo. Anasema meneja hajui kukipiga, na mchwa hawajui kusubiri. Kwa hiyo tangu mwezi huu napeleka mafuta ya taa mwenyewe, najaza mikebe. Usinicheke. Nimeomba pia ruhusa ili nyakati za alasiri uingie, akasema atafikiri. Ninashuku atakubali, maana nimemkumbusha nani anamuuzia chumvi.

Sasa sikiliza sana. Treni inafika Lumbwa alfajiri. Mimi na mama yako tutakuwa pale tangu jioni iliyotangulia, tutalala kwa mtu wa stesheni. Desemba Lumbwa ina ukungu mbaya, huoni behewa la pili. Watu watashuka wengi, na mimi sitaita jina. Jina mtu yeyote anaweza kuliitikia. Nimeshaletewa binti mtiifu mara moja kwa mashine, sitaki tena. Wala usije ukinikimbilia unaniita Mama mbele ya watu, sitageuka.

Shuka, weka mzigo chini, usimame palepale. Funga mdomo, uulize. Mama yako atajibu.

Mjomba wako,
Mureithi